Kijana wa Butembo anayetaka kusomea sanaa ng'ambo, hesabu yake ianzie Kasindi

Mfanyabiashara wa Butembo hatumi dola zake Guangzhou bila kuona sampuli. Anauliza bei kwa watu watatu. Anajua kontena itashuka Mombasa, itapita Uganda, itangoja siku ngapi Kasindi, na nani atasimamia mizigo pale duane. Anajua hata hasara atakayopata kama bei ikishuka kabla mali haijafika dukani.

Mtu huyo huyo, mtoto wake akimwambia anataka kwenda ng'ambo kusomea uchoraji, mara nyingi anafanya jambo moja kati ya mawili. Ama anakataa papo hapo, kwa kuwa kwake uchoraji ni kuandika vibao vya maduka na majina nyuma ya taksi. Ama anakubali kwa moyo wa mzazi, anauza parseli au anatoa pesa ya kakao ya msimu mzima, na kumkabidhi komisioneri anayesema ana mlango wake ubalozini. Anayekataa na anayekubali wako sawa kwa jambo moja: hakuna aliyepiga hesabu.

Na hesabu ipo. Haitoi jibu la haraka, lakini si ya siri, na familia yoyote ya Butembo au Beni inaweza kuifanya kabla ya kuuza kitu chochote.

Kwanza ni kujua kijana anatafuta nini. Vijana wenye mkono mzuri hawakosekani katika miji hii miwili. Wako wanaochora sura za watu kwa mkaa wakitazama picha ya simu, wako wanaotengeneza mabango kwa kompyuta, wako wanaochonga viti na misalaba. Wakimaliza Exetat wanajiandikisha sheria, uchumi au udaktari, si kwa kupenda bali kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kimefundisha Butembo tangu 1989, na Beni nayo ina vyuo vyake. Anayetaka shule ya sanaa anaambiwa aende Kinshasa, na hapo ndipo mazungumzo yanapokufa.

Si kwamba Kinshasa ni mbaya. Académie des Beaux-Arts ni shule yenye historia. Bruda Marc Wallenda aliianzisha 1943 kule Gombe-Matadi kwa jina la Saint-Luc, ikahamia Léopoldville 1949, na mwaka 1957 ikawa akademia. Freddy Tsimba, yule anayejenga sanamu kwa maganda ya risasi na vijiko, alisomea hapo. Lakini kwa mkaaji wa Grand Nord, Kinshasa haifikiwi kwa barabara. Ni ndege, na ndege ni Mavivi, kwa bei ambayo wazazi wengi hawaiwezi mara moja kwa mwaka, achilia mbali mara mbili. Njia ya kusini kupitia Goma ilikatwa na vita: Kanyabayonga ilishikwa na M23 mwisho wa Juni 2024, na Goma yenyewe ikaanguka mwisho wa Januari 2025, hata makao ya jimbo yakahamishiwa Beni.

Hivyo jambo la kushangaza ni hili: kwa kijana wa Butembo, kusoma nje ya nchi kunaweza kuwa karibu kuliko kusoma katika mji mkuu wa nchi yake. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Kutoka Beni hadi Kasindi ni 80. Ukivuka Mpondwe uko Kasese, ambako watu wanasema Kikonzo na Munande anawaelewa bila mkalimani, na basi la Kampala linaondoka kila siku. Njia ya Beni–Kasindi ina hatari zake, watu wamechomewa magari na kuuawa humo, na hakuna mzazi anayehitaji kukumbushwa hilo. Lakini ni njia ambayo wafanyabiashara wanaipita kila wiki, na karibu kila familia kubwa ya Butembo ina baba mdogo, shangazi au mkwe anayeishi Kampala.

Na Kampala kuna nini? Kuna moja ya shule za sanaa zenye umri mkubwa katika Afrika Mashariki. Margaret Trowell alianza kufundisha Makerere mwaka 1937, darasa likiwa nyumbani kwake, na shule ya leo inabeba jina lake. Kati ya wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba wa Kenya, ambaye sanamu yake ya uhuru ya 1962 bado imesimama katikati ya Kampala. Wanunuzi wengi wa Butembo wamepita mbele yake wakiwa wamebeba mizigo bila kujua ni ya nani. Alikuwapo pia Sam Ntiro, Mchagga wa Tanganyika, aliyesoma Makerere kwanza, na ndipo mwaka 1952 akaenda London kwenye shule ya Slade. Baada ya uhuru akawa mwakilishi wa nchi yake huko huko London. Elimo Njau naye alitoka Makerere, akapaka kuta za kanisa la Murang'a kwa picha za maisha ya Yesu, na mwaka 1965 akawa kati ya waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi.

Mfano wa Ntiro unastahili kuangaliwa vizuri na baba anayefikiria Ulaya moja kwa moja. Alianza karibu, akajenga mkono wake na jina lake, ndipo akaenda mbali akiwa na kitu cha kuonyesha. Njia hiyo bado ipo. Makerere inatoa shahada ya Bachelor of Industrial and Fine Arts. Kyambogo nayo ina idara ya sanaa, na Nkumba, upande wa Entebbe, inafundisha sanaa ya biashara na ya viwanda. Anayetaka kubaki ndani ya Kiswahili anaweza kutazama hata Bagamoyo, Tanzania, ambako taasisi ya TaSUBa, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi.

Lakini Kampala ina vizuizi vyake, na hapa ndipo watu wa Grand Nord wanapojidanganya kwamba jirani ni rahisi. Kizuizi cha kwanza ni Kiingereza. Diploma ya taifa yenye asilimia 70 haimsaidii mtu ambaye hawezi kuandika ukurasa mmoja kueleza kwa nini alichora alichochora. Sanaa ya chuo kikuu si mkono peke yake. Mwanafunzi anasimama mbele ya kazi yake na kuulizwa maswali, anaandika insha juu ya historia ya sanaa, anasoma vitabu vizito. Miezi mitatu ya kozi ya jioni haitoshi. Anayefikiria Kampala aanze Kiingereza akiwa bado darasa la tano la sekondari. Beni wana bahati kidogo hapa, kwa kuwa chuo cha UCBC kinafundisha kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, na kimezoea vijana waliotoka shule za Kifaransa.

Kizuizi cha pili ni karatasi. Uganda haisomi diploma ya Kongo jinsi ilivyo. Inapaswa kutafsiriwa na kulinganishwa na vyeti vya Uganda kupitia UNEB, bodi yao ya mitihani. Na kila Mkongomani anajua ugonjwa wa diploma yetu: mtu amefaulu, jina limetoka, lakini karatasi yenyewe inaweza kukaa Kinshasa miaka. Wengi wanatembea na cheti cha muda. Kwa hiyo kazi ya kufuatilia diploma, nakala za alama za miaka ya mwisho na muhuri wa kila nakala inaanza wiki ile ile matokeo yanapotangazwa, si siku chuo kinapoziomba. Baada ya hapo kuna pasipoti, ambayo kuanzia 2015 iliuzwa dola 185, bei iliyofanya familia nyingi ziseme tutaona mwakani, na kibali cha mwanafunzi cha uhamiaji wa Uganda, ambacho wengi hukisahau mpaka wasimamishwe njiani.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wanasiasa walisema mengi siku ile juu ya biashara. Juu ya mwanafunzi walisema machache. Wakuu wa jumuiya walikwisha kutangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki iwe eneo moja la elimu ya juu, maana yake vyeti vikubalike na mwanafunzi wa nchi moja asihesabiwe mgeni katika nchi nyingine. Ni juu ya mwanafunzi wa Beni kuuliza chuo, kwa barua, kama atalipa ada ya Afrika Mashariki au ada ya mgeni. Swali hilo moja linaweza kubadilisha bajeti nzima. Na ni juu ya wabunge wa jimbo kuuliza swali hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa jimbo lao linapakana na Uganda.

Kuhusu Ulaya, ni afadhali kusema ukweli mkavu. Ubelgiji, ambako wengi wanaota kwenda kwa sababu ya lugha, una shule za sanaa zenye jina kama La Cambre ya Brussels, iliyoanzishwa na Henry van de Velde katika miaka ya 1920. Shule hizo haziingiwi kwa asilimia za Exetat. Kuna mtihani wa kuingia, na mtihani huo ni wa kazi za mikono na mazungumzo. Diploma ya Kongo nayo inahitaji karatasi ya usawa, équivalence, ambayo maombi yake kwa kawaida yanafungwa tarehe 15 Julai. Anayefanya Exetat mwaka huo huo anajikuta amebanwa: matokeo hayajatulia, na mlango unafungwa. Kisha kuna mtu wa kumdhamini, anayeonyesha mshahara wake na kutia sahihi kwamba atambeba mwanafunzi. Kisha viza, ambayo inaombwa Kinshasa, si Beni, na kwa hiyo ndege ya Mavivi inarudi tena katika hesabu. Ufaransa mwaka 2019 iliweka ada ya wageni wasio wa Ulaya katika vyuo vya serikali, ikianza na euro 2.770 kwa mwaka wa licence na 3.770 kwa master, ingawa si kila shule inaitoza. Ufadhili, ile bourse inayozungumzwa kila baraza, upo, lakini mwingi unaoelekezwa Kongo ni wa afya, kilimo na mazingira. Wa sanaa ni mchache, na kwa kawaida unapewa mtu aliyekwisha kuwa na shahada ya kwanza.

Hii ndiyo sababu komisioneri ni hatari kwa kijana wa sanaa kuliko kwa mwingine yeyote. Anaweza kununua fomu, anaweza kupanga foleni, lakini hawezi kuchora mahali pa mtoto. Shule ya sanaa inaomba dosie ya kazi, na dosie hiyo haiuzwi. Ni michoro ya miaka miwili, na hasa michoro iliyotazamwa kwa macho: mkono wa mama akimenya muhogo, foleni ya pikipiki wakati wa mvua, soko kuu asubuhi, si sura za wacheza mpira zilizonakiliwa kutoka kwenye simu. Ni madaftari yenye makosa yake. Waalimu wa sanaa wanapenda kuona mtu alivyofika kwenye picha, si picha tu. Kila kazi ipigwe picha nje, mwanga wa asubuhi, bila kivuli, na picha zitumwe kwa ndugu wawili walio miji tofauti, kwa sababu Beni na Butembo watu wanajua nyumba inavyoweza kuachwa kwa dakika kumi.

Mzazi anayetaka kujua kama mtoto wake anafaa kutumwa aombe dosie hiyo kwanza. Ndiyo sampuli. Kama baada ya mwaka mzima wa kuambiwa haipo, jibu limepatikana bila kuuza parseli.

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo haizungumzwi kabisa katika miji yetu, nayo ni historia ya sanaa. Kijana anayependa kusoma na kuandika kuliko kuchora hajui hata kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Na hiyo ndiyo sehemu ambayo Wakongomani wa mashariki wanahitajika zaidi.

Mwaka 2022, mwezi wa pili, serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu Sama Lukonde orodha ya vitu karibu 84.000 vya Kongo vilivyo katika jumba la Tervuren. Mwezi wa sita mfalme Philippe akaleta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kikiwa si zawadi bali mkopo usio na mwisho, neno ambalo wanasheria bado wanaweza kulijadili. Jumba jipya la taifa la makumbusho lilikuwa limefunguliwa Kinshasa 2019 kwa msaada wa Korea Kusini. Basi vitu vinaweza kurudi. Swali ni nani atavisoma. Vinyago vya bwami vya Walega, vilivyojaa katika majumba ya Ulaya na Marekani, vilikuwa na daraja, na mafundisho, na mtu aliyeruhusiwa kuvishika. Vitambaa vya magome vya Wambuti, vilivyochorwa na wanawake wa msitu wa Ituri, saa chache tu kutoka Beni, vinatundikwa ukutani New York na Brussels kama sanaa ya hali ya juu. Oicha na Mambasa, watoto wa wanawake wale wale wanaitwa watu wa msituni, na hakuna anayewauliza mistari ile ina maana gani.

Mfano mkubwa kabisa uko Lubumbashi. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea mwanaantropolojia Johannes Fabian historia ya Kongo katika picha zaidi ya 100, tangu zamani za wafalme hadi Mobutu. Aliieleza kila picha kwa mdomo, na alieleza kwa Kiswahili, Kiswahili cha Shaba, na mazungumzo yakarekodiwa. Picha ziko Amsterdam. Kitabu kilitoka 1996 kwa Kiingereza. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakuonekana tena. Mwanafunzi wa kizungu anayetaka kusoma kazi hiyo kutoka chanzo anatumia miaka kujifunza Kiswahili. Kijana wa Butembo anacho tayari, tangu sokoni, na hajui kwamba kuna vyuo, Université libre de Bruxelles na SOAS ya London kati yao, ambako historia ya sanaa ni shahada kamili na lugha yake ingekuwa mali.

Watu watasema: Beni watu wamechinjwa tangu 2014, mashamba ya kakao yanavunwa kwa woga, jimbo liko chini ya état de siège tangu 2021, na hapa panazungumzwa michoro. Jibu si kwamba sanaa inaleta amani. Haileti. Mchoro haujazuia panga hata moja. Lakini vita hivi vinaandikwa na kupigwa picha kila siku na watu wanaokuja wiki mbili na kuondoka, na picha zao ndizo zitakazobaki katika vitabu. Jamii iliyozika watu wengi hivi, mara nyingine bila jina kaburini, ina haki ya kuwa na watu wake wanaojua kujenga ukumbusho, kupanga nyaraka, kuhifadhi picha za wafu. Kazi hiyo ina shule yake, na mtu haijifunzi kwa huruma peke yake. Tena hoja ya vita haitumiwi dhidi ya anayekwenda Dubai kununua simu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: wakienda hawarudi. Ni kweli kwa wengi, na hakuna karatasi ya ahadi itakayomrudisha mtu mahali ambapo hana chumba cha kufanyia kazi. Sammy Baloji wa Lubumbashi alisoma kwanza nyumbani, chuo kikuu, upande wa barua na mawasiliano, kisha akaenda shule ya sanaa za mapambo ya Strasbourg. Anaishi kati ya Lubumbashi na Brussels, hakuchagua moja. Lakini mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha, neno la Kiswahili kwa jina lake na kwa maana yake, na kutoka hapo ikazaliwa biennale inayoleta wasanii wa dunia Lubumbashi. Goma, Yole!Africa ilifanya kazi ya namna hiyo kwa sinema na muziki. Butembo, mji wenye majengo ya ghorofa yaliyojengwa na wafanyabiashara wenyewe bila kungoja serikali, hauwezi kusema umekosa chumba kimoja chenye taa na dirisha kubwa.

Hapo ndipo FEC ya Butembo inaweza kuingia, kwa njia inayoijua. Wanachama wake wana watu Kampala, wana akaunti Kampala, wana magari yanayokwenda na kurudi. Kulipia kijana mmoja wa Butembo na mmoja wa Beni kila mwaka, waliochaguliwa kwa dosie mbele ya macho ya watu na si kwa jina la ukoo, msichana akiwa na nafasi sawa na mvulana, ni gharama ambayo wengi wao hupoteza kwa mzigo mmoja uliolowa njiani. Masharti yaandikwe kibiashara: ada inalipwa moja kwa moja chuoni kila muhula, matokeo yanaonyeshwa, na kila likizo mwanafunzi anarudi kufundisha wiki tatu katika shule ya msingi au ya sekondari ya mtaa wake, Vulamba, Bulengera, Mulekera au Ruwenzori, apate kuonekana na wadogo zake. Maaskofu na wachungaji, ambao makanisa yao yanaagiza sanamu na vioo vya rangi kutoka mbali, wanaweza kumpa kazi ya kwanza anapomaliza.

Kwa kijana anayesoma haya akiwa darasa la tano, kalenda ni fupi. Mwaka huu Kiingereza na daftari la michoro, kila siku. Mwaka ujao Exetat, na pasipoti iombwe kabla ya mtihani. Matokeo yakitoka, diploma ifuatiliwe bila kupumzika, nakala zitafsiriwe, barua ya kuuliza ada iandikwe Makerere, Kyambogo na Nkumba siku moja. Mwaka wa masomo wa Makerere unaanza Agosti, kwa hiyo wengi watapoteza miezi kati ya Exetat na darasa la kwanza. Miezi hiyo ni ya kujaza dosie. Na siku ya kuvuka Kasindi, michoro iwe ndani ya plastiki, imelazwa kati ya vibao viwili, kwa sababu mvua ya Ruwenzori haingoji mtu amalize foleni ya uhamiaji.